Kwenu ni Wapi? Somo la Kujivunia Mji kwa Hoja na kwa Heshima

Kwenye vimbweta vya karibu kila chuo nchini kuna somo moja lisilo na namba ya kozi, lisilo na mhadhiri wala sapu, na bado mahudhurio yake ni mazuri kuliko masomo yote. Ni ubishi wa miji. Jamaa wa Mwanza anaanza kwa kutangaza kwamba jiji la pili nchini ni lao. Wa Arusha anamjibu kuwa jiji halipimwi kwa wingi wa mawe. Wa Mbeya anawauliza wote wawili mchele waliokula mchana umelimwa wapi. Wa Tanga anatabasamu tu, maana anaamini ustaarabu hauhitaji kelele. Na mtu wa Morogoro akithubutu kusema kwao kuna kila kitu, wote wanamwitikia kwa pamoja: kasoro bahari!

Mimi ni mwanafunzi wa ualimu, na naupenda ubishi huu. Naupenda kwa sababu ndani yake kuna jiografia, historia, hesabu, uraia na sanaa ya kuzungumza, na vyote hivyo watu wanavifanya kwa hiari yao, usiku, bila kulazimishwa na mtu. Mwalimu gani asingependa kupata darasa la namna hiyo? Lakini ubishi huuhuu ukikosa kanuni unazaa kelele, na baada ya kelele inakuja dharau. Kwa hiyo naomba tuuchukue kama somo kweli: tuulize ulitoka wapi, unatumia ushahidi gani, unaumiza wapi, na sisi tunaokwenda kuwa walimu tunaweza kuufanyia nini.

1. Utani una sheria zake

Tuanze na asili. Waswahili wana neno ambalo lugha nyingi hazina lililo sawasawa nalo: utani. Mtani si rafiki tu, wala si mtu anayependa kuchekesha. Ni mtu ambaye uhusiano wako naye unampa ruhusa ya kukuambia maneno ambayo mwingine akikuambia mngefikishana kwa mjumbe. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliandika makala kuhusu uhusiano wa aina hii mwaka 1940, akaeleza kwamba ni mchanganyiko wa urafiki na uadui wa mchezo: mmoja anaruhusiwa kumkosea adabu mwenzake, na mwenzake hatakiwi kukasirika.

Hapa kwetu utani wa makabila mara nyingi ulizaliwa mahali watu walipokutana kwa shida. Wanyamwezi na Wasukuma walipita na misafara ya biashara kuelekea pwani, wakawa watani na Wazaramo waliowakuta huko. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na baadaye damu ile ikageuzwa kuwa mzaha. Fikiria hekima iliyomo: watu waliouana wakakubaliana kwamba kuanzia sasa tutatupiana maneno badala ya mikuki. Kwenye msiba mtani ndiye anayevuruga kilio kwa vichekesho, lakini ni yeye huyohuyo anayeshika jembe na kufanya kazi ngumu za mazishi.

Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi kwa maana hiyohiyo. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, zote zina mizizi yake Kariakoo. Mashabiki wao wanaambiana mambo mazito Jumamosi, na Jumatatu wanapanda daladala moja wakiendelea kucheka.

Kutokana na hayo tunapata sheria tatu za utani. Kwanza, ni wa pande mbili: anayetania lazima akubali kutaniwa. Pili, unabeba wajibu: anayekucheka siku ya furaha anakuja siku ya shida. Tatu, una mipaka, na wote wawili wanaijua. Ikikosekana moja kati ya hizo, kinachobaki si utani tena. Kumbuka sheria hizi tatu, tutazirudia huko mbele.

2. Hesabu kwanza, kelele baadaye

Sasa twende kwenye ushahidi. Swali linalopoteza muda mwingi kwenye vimbweta ni hili: jiji la pili kwa ukubwa ni lipi? Watu hutaja takwimu za Sensa ya mwaka 2022 kama vile wametaja aya ya kitabu kitakatifu. Tatizo ni kwamba takwimu zinazozunguka zaidi ni za mikoa, na mkoa si jiji.

Sensa ile ilihesabu Watanzania 61,741,120. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728, ukifuatiwa na Mkoa wa Mwanza wenye watu 3,699,872. Hapo ndugu zetu wa Mwanza huwa wanasimama juu ya benchi. Lakini subirini kidogo. Ndani ya mkoa huo kuna Ukerewe, Sengerema, Magu, Kwimba na Misungwi. Mvuvi wa Ukerewe na mkulima wa pamba wa Kwimba wamehesabiwa humo, na hakuna hata mmoja kati yao anayeishi mjini Mwanza. Tena kiutawala, Halmashauri ya Jiji la Mwanza ni Wilaya ya Nyamagana. Ilemela ni manispaa yenye halmashauri yake, ingawa ukitembea kwa miguu huoni mahali mji mmoja unapoishia na mwingine unapoanzia. Uwanja wa ndege wa Mwanza wenyewe uko Ilemela.

Watu wa Dar wasicheke mapema. Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ya zamani ilivunjwa na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni ni manispaa ndani ya mkoa, nje ya jiji lenyewe. Kampasi ya Mlimani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Manispaa ya Ubungo. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mlimani anayemwita mwenzake "wa kuja" kwa sababu hatoki jijini, kwa karatasi za serikali na yeye asubuhi hiyo hakuamkia jijini.

Mfano mwingine ni Arusha na Mbeya. Sensa hiyohiyo iliipa Arusha watu 2,356,255 na Mbeya watu 2,343,754. Tofauti ni 12,501. Wa Arusha atasema ameshinda. Mwulize swali moja tu: Mkoa wa Songwe ulitoka wapi? Ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ukaondoka na wilaya zake na watu wake. Mpaka ulipohama, hesabu ilihama nayo, lakini hakuna mtu hata mmoja aliyehamisha godoro. Geita nayo ilipokuwa mkoa mwaka 2012 ilichukua sehemu ya iliyokuwa Mwanza. Hapa kuna somo zuri la takwimu: kabla hujalinganisha namba mbili, uliza kila namba imezungushiwa uzio gani.

Na hadhi ya jiji je? Hadhi hiyo inatolewa na serikali kwa taratibu zake, haishuki kutoka mbinguni wala haipimwi kwa maghorofa. Tanzania Bara ina majiji sita. Dar es Salaam ilipata hadhi hiyo 1961, Mwanza 2000, Mbeya na Tanga 2005, Arusha ikafuata baada yao, na Dodoma ilitangazwa tarehe 26 Aprili 2018 kwenye sherehe za Muungano.

Namba moja ya mwisho, ambayo binafsi naiona kubwa kuliko zote. Chukua watu wa Mkoa wa Dar es Salaam ugawanye kwa Watanzania wote. Utapata chini kidogo ya asilimia 9. Kati ya kila Watanzania 100, karibu 91 hawaishi Dar. Mtu anayezungumza kana kwamba nje ya Dar hakuna nchi anawafuta watu 91 ili abaki na 9.

3. Mji hupanda na kushuka kwa sababu

Baada ya hesabu tuje kwenye historia, maana hapa ndipo ubishi wetu unapokosea sana. Tunazungumza kana kwamba mji mkubwa umekuwa mkubwa kwa sababu wenyeji wake ni wajanja, na mji mdogo umebaki mdogo kwa sababu wenyeji wake wamelala. Tuangalie kama ni kweli.

Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani. Mwaka 1891 makao hayo yakahamishiwa Dar es Salaam, ambako kulikuwa na bandari yenye kina. Miaka thelathini hivi kabla ya hapo, pale palikuwa na kijiji cha Mzizima, ndipo Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga mji wake. Je, watu wa Bagamoyo walipungukiwa akili mwaka 1891? Hapana. Meli zilihitaji maji ya kina.

Tanga ilianza kujengewa reli mwaka 1893, na mwaka huohuo mkonge uliletwa nchini. Reli na mkonge vikaupandisha mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa uzalishaji wa mkonge, na Tanga ndiyo iliyokuwa moyo wa zao hilo. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba yakadhoofika. Mtu anayewacheka watu wa Tanga leo kwamba "mji umelala" hajui kwamba anacheka bei ya nyuzi kwenye soko la dunia.

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma 1914. Ndiyo maana mpaka leo Kigoma tunaiita mwisho wa reli. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara tangu enzi za pembe za ndovu, na reli ikaifanya njia panda tena, pale mstari wa Mwanza ulipochepuka na kufika ziwani mwaka 1928. Mwanza ikapata njia ya kupeleka pamba baharini.

Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973. Ikasubiri zaidi ya miaka 40 mpaka serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo kuanzia 2016. Mwaka 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa ikaanza kuwachukua abiria kutoka Dar hadi Dodoma. Leo wa Dodoma anatamba, na ana haki ya kutamba. Lakini zabibu zilikuwepo, Wagogo walikuwepo na vumbi lilikuwepo kabla ya hapo. Kilichobadilika ni uamuzi na mahali ofisi zilipowekwa.

Unaona tunakoelekea? Bandari, reli, zao la biashara, bei ya soko, mpaka wa mkoa, uamuzi wa serikali. Hivyo ndivyo vinavyoinua na kushusha miji. Mtu anaweza kujivunia kwao kwa sababu kwao kumemlea, na anaweza kujivunia kazi ambayo watu wa kwao wameifanya. Lakini hawezi kujigamba kwa kina cha bandari ambayo hakuichimba, wala hapaswi kumwonea aibu babu yake kwa reli ambayo haikupita.

4. Aina tatu za maneno

Kwa mwanafunzi anayetaka kubisha vizuri, napendekeza tugawe maneno yote ya ubishi wa miji katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni maneno ya ukweli. "Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa Arusha mwaka 1999." "Daraja la Kigongo–Busisi lina urefu wa kilometa 3 hivi." "Shaaban Robert alizaliwa Tanga mwaka 1909." Maneno haya yanaweza kuthibitishwa au kukanushwa. Ukiyasema, uwe tayari kuulizwa umeyatoa wapi. Ukikanushwa kwa ushahidi, hujatukanwa, umefundishwa.

Fungu la pili ni maneno ya ladha. "Sato wa Mwanza ni mtamu kuliko mgebuka wa Kigoma." "Baridi ya Iringa ni tamu kuliko joto la Dar." "Senene wa Bukoba hawana mpinzani." Hapa hakuna sensa itakayoamua, na ndiyo raha yake. Mnaweza kubishana mpaka umeme ukatike na wote mkabaki na haki. Utani mwingi mzuri unaishi katika fungu hili, kwa sababu hakuna anayepoteza kitu. Dawa ya ubishi wa ladha ni moja tu: karibu kwetu uonje.

Fungu la tatu ni maneno ya dharau. "Nyie huko bado mnashangaa taa." "Wa mkoani huyo, atajulia wapi?" "Watu wa huko wote wachawi." "Watu wa huko wote wavivu." Sikiliza muundo wake: hayazungumzii mji, yanazungumzia watu, tena yanawafunga wote kwenye neno moja. Ukiona neno "wote" limekaa karibu na jina la mkoa, shtuka.

Kosa linalotokea mara nyingi ni kuvaa nguo za fungu moja ukaingia kwenye jingine. Mtu anasema neno la dharau, akiulizwa anakimbilia kusema, "Ukweli ndo huo." Akibanwa ushahidi anakimbilia, "Si utani tu jamani!" Hapo rudisha zile sheria tatu. Je, unamruhusu naye akutanie hivyohivyo? Je, siku akifiwa utakwenda? Je, mpaka uliouruka mlikubaliana wote wawili? Kama majibu yote ni hapana, huyo si mtani wako. Ni mtu unayemdharau kwa kicheko.

5. Pale panapouma

Swali "kwenu ni wapi?" ni jepesi kwa anayetoka katika mji wenye jina. Kwa anayetoka wilaya ambayo wenzake hawawezi kuionyesha kwenye ramani, ni swali zito. Ndiyo maana mwaka wa kwanza utakuta mtu anajibu "Dar", ukimchimba kidogo unakuta Dar alifika kwa shangazi wiki mbili kabla ya kuripoti chuoni. Hadanganyi kwa sababu ni mwongo. Anadanganya kwa sababu amesikia kinachowapata waliojibu ukweli. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, lakini hawakutuambia tumfanye nini yule anayemlazimisha mwenzake kukataa kwao.

Kwa sisi wa ualimu jambo hili lina uzito wa pekee. Tanzania Bara ina halmashauri 184. Majiji ni sita. Fanya hesabu ya wapi utapangiwa kazi. Na bado neno tunalolitumia wenyewe kwa wenyewe pale ajira zinapotoka ni "kutupwa". Fulani katupwa Nkasi. Fulani katupwa Nanyumbu. Kinachotupwa ni takataka, na panapotupwa takataka ni jalala. Sasa fikiria mtoto anayeishi pale unapopaita jalala akikusikia.

Mwaka jana nikiwa fildi nilipangwa shule ya kata iliyo mbali na lami. Niliwapa kidato cha pili insha ya Kiswahili: eleza mahali unapopapenda. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika kuhusu Dar es Salaam, na nilipouliza nani amewahi kufika, vidole havikufika vitano. Insha zile zilikuwa na maghorofa, bahari na magari, zote zikifanana, zote zikiwa baridi. Nilimwuliza binti mmoja mwenye mwandiko mzuri sana kwa nini hakuandika kuhusu kijijini kwao. Akanijibu kwa upole kabisa, bila utundu wowote: "Mwalimu, si ndo hapa walimu wanasema wametupwa?"

Wiki iliyofuata niliwapa kazi nyingine. Kila mmoja akamwulize mtu mzima zaidi ya mmoja kwa nini kijiji chao kinaitwa jina lile. Walirudi na majibu matatu yanayogongana. Wengine waliambiwa ni jina la mti ambao siku hizi haupo. Wengine, ni jina la mtu wa kwanza kufyeka pale. Wengine, ni neno la lugha ya zamani lenye maana ya maji yaliyotuama. Kipindi kizima kiliisha kwa ubishi. Kila kundi lilitaja mzee wake, umri wake na alikotoka. Hakuna aliyesinzia, na yule binti ndiye aliyeuliza swali bora kuliko yote: "Kama mti haupo, mzee aliuona lini?" Hilo ni swali la mwanahistoria, kutoka kwa mtoto aliyekuwa ameamini kwamba kwao hakuna la kuandika.

6. Kipindi unachoweza kukifundisha

Katika kozi zetu tunafundishwa kutoka kwenye linalojulikana kwenda kwenye lisilojulikana. Hakuna kitu mwanafunzi anakijua kuliko kwao. Kwa hiyo huu hapa mpango wa vipindi viwili vilivyounganishwa, dakika 80, unaofaa Kiswahili, Historia, Jiografia au Uraia. Vifaa: ubao, chaki na karatasi.

*Dakika 10: uchokozi.* Andika ubaoni, "Kijiji chetu ni bora kuliko vyote wilayani." Waache wazomee, washangilie, wapinge. Usiwanyamazishe haraka.

*Dakika 15: kuchambua.* Chora safu tatu: ukweli, ladha, dharau. Kila sentensi waliyoitoa waiweke kwenye safu yake na waseme kwa nini. Watabishana, na kubishana huko ndiyo kazi yenyewe.

*Dakika 25: ushahidi.* Kwenye makundi, kila kundi lichague sentensi mbili za safu ya ukweli na liandike lingezithibitishaje. Nani aulizwe? Ofisi gani ya kijiji au kata ina daftari? Nini kinaweza kupimwa kwa hatua za miguu?

*Dakika 20: sababu.* Uliza swali moja: nini kimekifanya kijiji chetu kiwe hivi kilivyo? Barabara, mto, mnada, shule, ugonjwa, zao? Wachore mshale kutoka sababu hadi matokeo.

*Dakika 10: sifa na kasoro.* Kila mwanafunzi aandike sifa tatu za kwao zenye ushahidi na kasoro moja ambayo angependa irekebishwe.

Hiyo kasoro moja usiiache, kwa sababu ndiyo inayotofautisha kujivunia na kujisifu. Turudi kwa ndugu zetu wa Morogoro. Tunawazomea "kasoro bahari", lakini hebu tafakari jina hilo. Wenyeji wenyewe wamelichukua wakalifanya jina la sifa, na ndani ya sifa wameweka wazi wanachokosa. Milima ya Uluguru wanayo, mito wanayo, reli wanayo, bahari hawana, na wanasema. Anayeweza kuitaja kasoro ya kwao bila kutetemeka hawezi kuumizwa nayo na mtani. Na anayeijua kasoro ndiye anayeweza kuishughulikia: choo cha shule kisicho na mlango, maktaba isiyo na vitabu, mto unaotupiwa taka.

Zoezi kwa msomaji

Usiku wa leo mkikaa kimbwetani, jaribuni haya manne kabla ya ubishi kuanza.

1. Taja mambo matatu ya kweli kuhusu kwenu ambayo mwenzako hayajui, na umwambie umeyajuaje.
2. Taja jambo moja zuri la mji wa mtani wako. Ukishindwa, humjui vya kutosha kumtania.
3. Mwulize yule ambaye huwa hajibu "kwenu ni wapi?" akusimulie asili ya jina la kwao. Kisha nyamaza usikilize.
4. Taja kasoro moja ya kwenu, na useme ukirudi na shahada yako mkononi utaanza na nini.

Wa Mwanza na wa Arusha, najua mtaruka moja kwa moja kwenye namba ya kwanza. Sawa. Ila swali la nne ndilo lenye maksi nyingi.